J7 ya mama: ruti imeingia, ruti imetoka, na simu ya darini sasa inajiwasha yenyewe

Imekubali. Stima ilikatika usiku hapa Langoni, Lamu, simu ikazimika darini betri ilipokwisha, stima ikarudi alfajiri, na bila mtu kupanda ngazi simu ikajiwasha, ikashika mtandao, ikatoa hotspoti nyumba nzima. Na haina ruti, ile ruhusa ya juu ya kugusa kila kitu ndani ya mfumo. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa jasho.

Kwa aliyeingia katikati: ni Samsung Galaxy J7 ya 2016, SM-J710F, Android 8.1, zamani simu ya mamangu. Nyumba yetu ni ya matumbawe na chokaa, kuta zina unene wa nusu mita hivi, na ukiwa ndani nyuma ya misana, zile kumbi ndefu, mtandao hauingii hata kwa dua. Darini chini ya makuti 4G imejaa. Basi simu inakaa juu kwenye chaja, na Wi-Fi inashuka kupitia uwazi wa kiwanda, ule ua wa katikati. Mpango mzuri, ila stima ikikatika muda mrefu simu inakufa, na ikirudi, Samsung haiwaki. Inaonyesha ile picha ya betri inayojaa, imetulia, mpaka mtu apande akaminye kitufe. Fikiria ngazi ya darini usiku wa masika, na kusi linapuliza.

Kuiruti kulikuwa kazi ya jioni moja. Nikawasha OEM Unlock (swichi inayoruhusu mfumo usio wa kiwandani), faili la AP lenye mfumo likapitishwa kwenye Magisk, programu ya kuruti, likarudishwa simuni kwa Odin, programu ya kuflashi Samsung, nikatumia faili la HOME_CSC badala ya CSC ili vitu vya mama visifutike. Hakuna jipya hapo. Warranty bit, alama ya waranti, imesoma 1 na itasoma 1 mpaka kiama, kwa sababu ile ni fyuzi ndani ya chipu, haina kurudi. Huduma za Knox, usalama wa Samsung, kwaheri. Mama hajawahi kuzitumia.

Kigugumizi kilianza kwenye kujiwasha.

Samsung ikizimwa kisha ikachomekwa chaja, kerneli (kiini cha mfumo) inaamka kwa hali ya chaja, init, programu ya kwanza kuamka, inaendesha programu inayoitwa lpm iliyo /system/bin, na lpm ndiyo inayochora ile betri. Kwenye modeli za zamani zaidi utaikuta kwa jina la playlpm. Ujanja unaojulikana ni kuitoa lpm na kuweka skripti ya mistari miwili badala yake, isemayo reboot. Chaja ikiingia, badala ya kuchora betri, simu inajiwasha upya, na kwa kuwa safari hii butiloda, programu inayoanzisha simu, inaona ni reboot na si chaja, inawaka kawaida.

Mimi kwa adabu zangu sikutaka kuigusa /system, sehemu ya mfumo wa kiwandani. Nikatengeneza moduli (nyongeza) ya Magisk, lpm yangu juu ya lpm yao, ruhusa 0755, kila kitu sawa. Nikiwa ndani ya simu nasoma faili, naona skripti yangu. Nazima, nachomeka chaja, betri inachorwa vilevile kana kwamba sijafanya kitu. Nikaamini ni SELinux, mlinzi wa ruhusa ndani ya Android, nikapoteza muda mwingi kwenye konteksti za mafaili. Haikuwa SELinux. Magisk inapachika moduli zake baada ya /data, sehemu ya vitu vya mtumiaji, kufunguliwa, kwenye hatua ya post-fs-data, na katika hali ya chaja simu haifiki huko. Wakati lpm inaitwa, moduli yangu bado imelala ndani ya /data. Yaani uzuri wote wa Magisk, kutogusa mfumo, ndio unaoifanya isifae kwa kazi hii hasa.

Basi nikaifungua /system kwa kuandika na kuibadilisha lpm yenyewe. Ikawaka! Nikashuka nikanywa kahawa barazani nikiwa na raha zangu.

Halafu mama akaja na simu mkononi. "Umeitendaye simu yangu?"

App yake ya benki ilisajiliwa kwenye simu hiyo, na kuihamishia kwenye ile ndogo aliyonayo sasa ni kwenda tawini kupanga foleni. Kwa hiyo mara mojamoja anaishusha kutazama pensheni kama imeingia. App ikamwambia kifaa hiki si salama, ikajifunga. Nikajaribu kumficha Magisk kwa kuiweka app kwenye orodha yake ya kukataliwa, ikakubali, kisha app ikajisasisha, ikakataa. Wanaopenda mchezo huo wa paka na panya wauendeleze. Mimi simwachii mamangu simu ambayo kila app ikijisasisha lazima aniite. Tena kusema kweli, simu iliyo darini inayogawia Wi-Fi wapwa na rafiki zao, haipati tena masasisho ya usalama, kisha ina ruti wazi, hilo nalo halikunipa usingizi. Ruti itoke.

Na hapa ndipo wengi wanaposema "gusa Uninstall, basi". Magisk inarudisha boot asilia (sehemu yenye kerneli na maagizo ya kuwaka) kutoka nakala iliyojiwekea ndani ya /data. Simu ikifutwa data, nakala inakwenda nayo, na unabaki unatazama "Stock backup does not exist!" Mimi boot.img, faili lenye boot asilia, huwa naiweka kwenye laptopu na kwenye flashi, kwa hiyo hilo halikunisumbua. Nikairudisha boot asilia kwa mkono. Simu haikuwaka. Ikaniingiza rikavari na maandishi madogo chini: dm-verity verification failed.

Bila shaka! Boot asilia ina fstab, orodha ya sehemu za kufunguliwa, inayosema /system ikaguliwe, bloku kwa bloku, kabla haijaaminiwa. Magisk ilikuwa imeuzima ukaguzi huo kimyakimya ilipopachikwa. Mimi nimemtoa Magisk, mlinzi amerudi langoni, na /system ina lpm yangu ambayo haimo kwenye daftari lake. Nikirudisha lpm asilia kwa kuinakili, bado hairidhiki, kwa sababu dm-verity haiangalii faili limefanana au la. Inaangalia bloku, na kule kuifungua tu kwa kuandika kumekwisha kubadilisha bloku. Ukishaigusa /system, dawa ni kuiflashi nzima.

Kwa hiyo nilikuwa na njia mbili, na zote zimeziba. Nikitaka ijiwashe, lazima nivunje /system, na nikivunja /system lazima niwe na boot iliyochezewa. Nikitaka isiwe na ruti kabisa, boot asilia, /system asilia, basi narudi kupanda ngazi.

Nikakaa na hilo siku kadhaa. Nikashusha programu dhibiti kamili kwa bando la usiku, toleo lilelile na la namba ileile ya butiloda, maana ukishusha ya chini simu inakutemea sw rev check fail na huna la kufanya. Nikaiflashi /system upya. Simu ikawa safi, ya kuchosha, haijiwashi.

Hapa niseme neno kuhusu vyombo. Odin ni programu ya ndani ya Samsung iliyovuja, ya Windows peke yake, na sura yake haijabadilika tangu enzi za simu za kufunga na mpira. Lakini inafanya kazi. Heimdall ni huria, inaendeka kwenye Linux, naipenda kwa moyo, na kila nikiihitaji inaniambia "Protocol initialisation failed!" mpaka niitoe simu kwenye Download Mode na kuirudisha tena. Nusu ya lawama ni ya waya. Waya nyingi zinazouzwa madukani ni za chaji tu, nyuzi za data hazimo. Nusu nyingine ni chumvi: tundu la USB la simu inayoishi Lamu lina ukungu wa kijani, na brashi ya meno yenye spiriti imenitatulia matatizo mengi kuliko dereva yoyote. Na yale mambo ya kuruti kwa mguso mmoja, KingRoot na ndugu zake, siyataki karibu na simu yenye namba za watu. Humjui anayepewa funguo.

Basi. Wazo lililofungua njia lilikuja nilipokuwa nimeikunjua boot.img kwa magiskboot, chombo cha Magisk cha kufungulia boot, kutafuta jambo jingine kabisa, nikaiona init.rc na ule mstari: on charger.

Subiri kidogo. Kwa nini nahangaika na lpm? lpm inaitwa na init. Init inasoma maagizo yake kutoka ramdisk, kifurushi kidogo cha mafaili ya kuwashia, na ramdisk imo ndani ya boot.img, haimo /system. Nikibadilisha agizo lenyewe, lpm haiitwi kabisa, /system inabaki bikira, dm-verity inaikagua na kuridhika. Na ruti haihusiki, kwa sababu init ndiye mwenye nyumba.

Kwa hiyo chini ya on charger nikaondoa kilichokuwa kinaiwasha lpm, nikaweka:

on charger
    setprop sys.powerctl reboot

Nikafunga ramdisk, nikaifunga boot, nikaiweka ndani ya tar kwa ajili ya Odin. Ikawaka yenyewe kwa chaja. Hakuna su (amri ya ruti), hakuna Magisk, hakuna moduli. magiskboot pia ina uungwana wa kuirudishia boot ile alama ya mwisho, SEANDROIDENFORCE, kwa hiyo hata yale maandishi mekundu ya KERNEL IS NOT SEANDROID ENFORCING hayatokei, na mama hana la kuniuliza.

Furaha ilidumu mpaka betri ilipokwisha kweli. Ikiwa sifuri kabisa na stima ikirudi, simu ilikuwa inawaka papo hapo, inafika kwenye nembo, inakufa kwa njaa, inaona chaja, inawaka, inakufa. Mzunguko. Kuwaka kunakula kuliko chaja inavyoleta, hasa kwa chaja hafifu. Inatakiwa isubiri kidogo, ishibe kwanza, ndipo iamke.

Init haina amri ya kulala. Kuna njia ya kuandika huduma inayoendesha sh na sleep, lakini huko SELinux itakushika kweli. Nikapekua orodha ya amri, nikakuta wait: inasubiri faili fulani litokee, na unaweza kuipa kikomo cha sekunde. Ukiiambia isubiri faili ambalo halitatokea kamwe...

on charger
    wait /dev/hakipo 300
    setprop sys.powerctl reboot

Dakika tano kioo kimezimika, kerneli inachaji taratibu, kisha inajiwasha ikiwa na asilimia kadhaa mkononi. Nimeijaribu kwa betri iliyokauka kabisa na imesimama imara. Kama chaja yako ni dhaifu zaidi, ongeza. Nimeicheka mwenyewe, lakini ndiyo inayofanya kazi.

App ya benki imefunguka. Kwa wanaojaribu: OEM Unlock iachwe imewashwa milele. Ukiizima boot ikiwa si ya kiwandani, utapata Custom binary blocked by FRP lock, na hapo ni kuflashi upya. Hotspoti kujiwasha baada ya simu kuamka nimeiachia MacroDroid, app ya kujiendeshea mambo, kwa ruhusa ya kubadilisha mipangilio, hilo halina hadithi.

Kilichofuata kwenye mpango kilikuwa kisanduku. Nilitaka fundi mmoja wa Matondoni anikatie kibao chenye matundu ya hewa, maana chini ya makuti mchana kuna joto. Kimesubiri, kwa sababu jana nikiwa bado ndani ya init.rc nimekumbuka jambo la betri. Simu inayochomekwa mwaka mzima betri yake huweza kuvimba, na nilikuwa nimepanga kuibana isijae kwa ACC, programu ya kudhibiti chaji, ambayo inataka ruti. Sasa ruti haipo. Lakini Samsung wana store_mode, hali ya simu za maonyesho madukani zinazokaa kwenye chaja kutwa: inaacha kuchaji ikifika 70 na kuanza tena ikishuka 60. Ni namba moja tu ya kuandikwa kwenye sysfs, mafaili ya kuiagiza kerneli, na mwandishi ninaye tayari, init:

on property:sys.boot_completed=1
    write /sys/class/power_supply/battery/store_mode 1

Nimeiflashi leo asubuhi. Ilipanda mpaka 70, ikakata, sasa inasoma 66 na chaja imo. Ikishuka mpaka 60 ikaanza kuchaji yenyewe, ACC naifuta kwenye orodha. Mwenye J5 au J7 Prime aliyewahi kuiwasha store_mode aniambie kwake inakata kwenye ngapi.