Sheria Iliyopitishwa Bila Kutangazwa: Kura ya Wanawake wa Meksiko

Wanawake wa Meksiko walipata haki kamili ya kupiga kura tarehe 17 Oktoba 1953, lakini kwangu mimi mwaka wa kukumbukwa kwa uchungu ni 1938, kwa sababu wakati huo haki hiyo ilikuwa imekwisha kupitishwa, ikabaki kutangazwa tu.

Madai yenyewe yalikuwa ya siku nyingi. Januari 1916, mamia ya wanawake, wengi wao walimu, walikutana katika ukumbi wa Peón Contreras mjini Mérida, ambako hotuba ya mtetezi wa haki za wanawake Hermila Galindo, iliyosomwa kwa niaba yake, ilizua zogo kwa kuthubutu kusema kwamba mwanamke naye ana matamanio ya mwili. Galindo huyo huyo aliwaomba watungaji wa Katiba ya 1917 wawape wanawake kura, wakakataa. Mwaka 1923 Elvia Carrillo Puerto alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Yucatán. Januari iliyofuata waasi walimpiga risasi kaka yake, Gavana Felipe, na wanawake waliochaguliwa wakapoteza viti vyao.

Mwaka 1935 iliundwa Frente Único Pro Derechos de la Mujer, yaani Umoja wa Kutetea Haki za Wanawake, ikiongozwa na Refugio García, maarufu kwa jina la Cuca, na ndani yake wakaungana wakomunisti, walimu, wafanyakazi wa viwandani na wanawake wa vijijini. Agosti 1937 baadhi yao waligoma kula mbele ya makazi ya Rais Lázaro Cárdenas, naye akaahidi kurekebisha kifungu cha 34 cha Katiba, kinachoeleza nani ni raia. Mabunge yote mawili yalipitisha marekebisho hayo, majimbo yakaridhia, na kilichosalia kikawa tamko la mwisho na kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Tamko halikutoka. Watawala, waliokuwa bado na kumbukumbu ya vita vya Cristero, uasi wa Wakatoliki dhidi ya serikali wa 1926 hadi 1929, walihofu kwamba wanawake wangewasikiliza mapadri na kuupa kura upinzani katika uchaguzi wa 1940. Hoja hiyo ni ya aibu, maana hakuna mwanamume aliyewahi kuulizwa atamchagua nani kabla ya kukubaliwa kuwa mpiga kura.

Kura ya manispaa ilikuja mwaka 1947, na ile ya taifa chini ya Rais Adolfo Ruiz Cortines, aliyeshinikizwa na wanawake waliokusanywa na mwanaharakati Amalia de Castillo Ledón. Walichagua wabunge kwa mara ya kwanza tarehe 3 Julai 1955. Galindo alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.