Nehemia Alipolifungua Daftari Lake Mwenyewe

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe.

Somo letu la juma hili ni Nehemia sura ya 5 yote, na ninaomba kila mmoja aisome kabla ya kuendelea, kwa kuwa ni sura ambayo mara nyingi tunairuka. Wahubiri wengi wakimtaja Nehemia hukimbilia ukuta: mnyweshaji wa mfalme Artashasta wa Uajemi aliyelia kule Shushani, akaomba ruhusa, akaja Yerusalemu, na kazi ikakamilika kwa siku 52. Hiyo ni habari njema ya kuhubiria siku ya harambee. Sura ya 5, hata hivyo, karibu inausahau ukuta. Inazungumzia madeni, na ndani yake tunaona Nehemia alikuwa kiongozi wa namna gani kabla hajamwamuru mtu yeyote.

Sura inaanza na kilio kikuu cha watu na wake zao juu ya ndugu zao Wayahudi. Wapo waliosema wana watoto wengi na hawana nafaka. Wapo waliokwisha kuweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao kwa sababu ya njaa. Na wapo waliokopa fedha ili wailipe kodi ya mfalme, hata wakafika mahali pa kuwatoa wana na binti zao wawe watumwa. Kodi ilitoka kwa Waajemi, lakini fedha ilikopeshwa na ndugu, watu waliosali pamoja nao na waliokuwa wakijenga nao ukuta ule ule.

Hapa kwetu Kigoma kilio hicho tunakijua. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Lengo lilikuwa kuwapa dagaa na migebuka nafasi ya kuzaliana, na mimi si miongoni mwa wanaolilaumu zuio hilo, kwa maana nyavu za macho madogo na makokoro tumeyatumia wenyewe kwa mikono yetu, huku wataalamu wakitueleza kwamba maji ya juu ya ziwa yameongezeka joto na hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba. Lakini hata pasipo zuio lolote, kila mwezi mbalamwezi inapokuwa kali taa za wavuvi haziwavuti dagaa, mitumbwi hubaki ufukweni, na nyumba inayokula kwa mgawo wa mavuno ya usiku hukaa siku kadhaa bila kipato. Ni katika pengo hilo, la kila mwezi, ambapo mikopo ya kausha damu, yaani ile ya riba kubwa na marejesho ya kila siku, hupata mlango.

Tazameni jambo hili kwa karibu, kama linavyoonekana asubuhi katika mialo yetu ya Kibirizi au Katonga. Mama amenunua beseni la dagaa wabichi, amewatandaza juu ya chanja na kuwageuza kwa mkono ili jua liwapate pande zote. Kabla hawajakauka anafika kijana mwenye kaunta buku iliyochorwa mistari kwa rula, jina la mama upande wa kushoto na tarehe zikiwa zimepangwa kuelekea kulia, kila tarehe na kisanduku chake cha kutiwa alama. Rejesho ni la kila siku. Kijana hapigi kelele, anasimama tu pembeni ya chanja na kusubiri mbele ya watu. Mama anamwita mchuuzi, anawauza dagaa wakiwa bado na unyevu, kwa bei ya chini kuliko ile ambayo angeipata jioni, analipa, kisha alama inatiwa. Hasara ile aliyoipata asubuhi ndiyo itakayomrudisha kukopa juma lijalo. Na kijana yule, kama ilivyo katika makanisa yetu mengi, huenda Jumapili anaimba kwaya pamoja nasi.

Tukiliona jambo la namna hii huwa tunasema kwamba tumekosa viongozi. Tunamtaka mbunge aseme, tunamtaka mkuu wa wilaya akamate watu, tunataka sheria. Sheria ipo: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na wanaohusika wana wajibu wa kuisimamia. Sisemi tuache kudai hilo. Nasema tu kwamba Nehemia alikuwa liwali, yaani serikali yenyewe katika nchi ya Yuda, mwenye uwezo wa kutoa amri asubuhi na ikatekelezwa jioni, lakini hakuanzia kwenye amri.

Mstari wa 6 unasema alikasirika sana. Hasira hiyo ilikuwa ya haki, na wengi wetu tunaishia hapo, kwa sababu hasira juu ya dhuluma humpa mtu hisia kwamba ameshafanya kitu. Mstari wa 7 unatuonyesha hatua ambayo huwa tunaipita: kabla ya kuwakabili wakuu, alifanya shauri na nafsi yake. Maandiko hayatuambii alijiuliza nini, lakini tunaona alichokuja nacho kutoka katika shauri lile, kwa maana katika mstari wa 10, mbele ya kusanyiko kubwa, anasema kwamba yeye naye, na ndugu zake, na watumishi wake, wanawakopesha watu fedha na nafaka, kisha anasema, “tuiache riba hii.” Hatuelezwi waziwazi kama yeye binafsi alikuwa akitoza. Ninachokiona mimi ni kwamba hakusema “iacheni”. Alilifungua daftari la nyumba yake kwanza, wadeni wake wakiwemo pale pale na wakuu wakimsikia, na tangu hapo hakuna mkuu aliyekuwa na mahali pa kujificha. Katika mstari wa 8 walikuwa wamekwisha kunyamaza, wasione la kujibu; baada ya maneno haya, mstari wa 12 unasema walikubali kurudisha.

Huu ndio uongozi binafsi ninaotaka tuutafakari. Hauhitaji uchaguzi wala kusimikwa. Kila mmoja wetu ana eneo dogo ambalo tayari analitawala: mwenye mtumbwi anatawala mgawo wa vijana wake, mwenye duka anatawala mizani na orodha ya madeni, mtunza fedha wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, anatawala hesabu, na hata kijana mwenye kaunta buku anatawala namna atakavyomsubiri yule mama. Mithali 16:32 inamweka mtu aitawalaye roho yake juu ya mtu atekaye mji. Matatizo ya jamii yanayotulemea yamejengwa, kwa sehemu kubwa, katika maeneo hayo madogo, na huko ndiko yanakoweza kuanza kubomolewa na watu ambao hawatawahi kugombea cheo chochote.

Nina neno pia juu ya kiwango. Mstari wa 11 unataja sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta, na wafafanuzi wengi huielewa kuwa ni riba ya kila mwezi, yaani asilimia 1 kwa mwezi, asilimia 12 kwa mwaka. Kwa ajili ya kiwango hicho Nehemia aliitisha kusanyiko na kuwaapisha watu mbele ya makuhani. Sasa fikirini ndugu anayemkopesha mwenzake wa jumuiya shilingi 100,000 na kudai 130,000 mwisho wa mwezi, kisha katika kipindi cha sala anaomba Bwana awakumbuke wahitaji. Hiyo ni mara 30 ya kile kilichomkasirisha liwali. Majirani zetu Waislamu pale Ujiji hufundishwa tangu utotoni kwamba riba ni haramu, na mwenye kuichukua anajua amevuka mpaka. Sisi tunayo sura nzima juu ya jambo hilo na tunaisoma kana kwamba ni historia ya Wayahudi tu.

Najua litakalojibiwa, kwamba mkopeshaji naye ana watoto, na fedha isiyorudi na faida hufilisi. Jibu hilo lina uzito. Nehemia mwenyewe hakuwafundisha watu kwamba kukopesha ni dhambi. Angalieni, hata hivyo, alivyofanya kwa habari ya haki yake halali, katika mistari ya 14 hadi 18. Maliwali waliomtangulia walitwaa kwa watu chakula na divai, pamoja na shekeli 40 za fedha, na sheria iliwaruhusu. Yeye kwa miaka 12, tangu mwaka wa 20 hata mwaka wa 32 wa Artashasta, hakula chakula cha liwali, na hakununua shamba, ingawa wakati watu wanaponadi mashamba kwa njaa ndio wakati shamba hupatikana kwa bei ya kutupa. Mezani pake walikula watu 150, bila kuhesabu wageni. Kila siku ng'ombe mmoja na kondoo wateule sita. Gharama ilikuwa kubwa, na alikuwa na kila sababu ya kudai posho. Sababu anayoitoa ya kutodai ni mbili: kumcha Mungu, na kwamba utumwa ulikuwa mzito juu ya watu hawa. Ukuta ulichukua siku 52. Kujizuia huku kulichukua miaka 12, na hakuna aliyekuja kuzindua jambo hilo.

Kuhusu semina za uongozi, ambazo siku hizi hazikosekani, mnisamehe nikisema nimeona mafunzo mengi zaidi katika sanduku la kikoba. Lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, ambao wala si mwenyekiti wala mtunza fedha. Waliobuni utaratibu ule hawakudhani kwamba wanachama ni wezi. Walikubali kwamba mtu mwema pia huishiwa nguvu siku mtoto anapougua usiku na fedha ya wenzake imo chumbani, nao wakamjengea ulinzi kabla siku hiyo haijafika. Anayeomba mwenyewe kwamba ufunguo wa pili ukae kwa mwingine ameanza kuitawala roho yake kwa namna inayoonekana.

Kwa hiyo ninaleta maombi mawili kwa jumuiya zitakapokutana juma hili. La kwanza ni kwa wanaokopesha ndani ya jumuiya: mkae na daftari zenu faraghani, mtazame majina ya wapendwa waliokwisha kurudisha kiasi walichokopa na bado wanalipa, na maamuzi juu ya majina hayo myafanye wenyewe, bila kusubiri mzee wa kanisa awaite. La pili ni kwa jumuiya nzima: mfuko wa jamii utengewe sehemu ya akiba ya miezi ambayo ziwa litakuwa limefungwa, ianze kuwekwa sasa wakati dagaa wanapatikana, ikopeshwe bila riba kwa nyumba za wavuvi na waanikaji, na irudishwe taratibu baada ya ziwa kufunguliwa. Tutahitaji watu watatu wa kushika funguo. Atakayekuwa tayari, na aseme wiki hii kwa katibu wa jumuiya yake.