Kuongeza Nafasi ya Seva Msimu wa Korosho Ukiwa Umepamba Moto

Hapa Mtwara, minada ya korosho ikishaanza mwezi Oktoba, hakuna bosi atakayekubali seva izimwe hata kwa saa moja, kwa kuwa stakabadhi za ghala na hesabu za malipo ya wakulima zinapitia humo mchana kutwa. Nafasi ikianza kubana katika kipindi hicho, itabidi iongezwe huku makarani wakiendelea kuingiza vipimo vya mizani.

Kwa upande wa programu, kazi hii si ngumu kama inavyodhaniwa. Kwenye Linux yenye LVM (programu inayounganisha diski kadhaa na kuzigawa upya nafasi zake), diski mpya huingizwa kwenye kundi la diski, sehemu inayohitaji nafasi ikapanuliwa kwa amri ya lvextend, na mwisho mfumo wa mafaili ukapanuliwa ukiwa kazini. Mifumo ya ext4 na XFS yote inakubali, ila XFS ukishaikuza usitarajie kuipunguza, kwa hiyo usiipe nafasi yote kwa pupa.

Ugumu uko kwenye diski zenyewe, hasa pale kabati la seva linapokuwa limejaa na njia iliyobaki ni kutoa diski ndogo na kuweka kubwa, moja baada ya nyingine. Diski ya terabaiti 16, ikiandikwa kwa kasi ya megabaiti 200 kwa sekunde bila kusumbuliwa na mtu, huchukua zaidi ya saa 22 kujazwa upya, na watu wakiwa kazini muda huo hurefuka sana. Katika RAID 5, yaani mpango wa diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja na kuvumilia kifo cha diski moja tu, muda wote huo data haina kinga yoyote: diski nyingine ikifa, kundi zima limekwenda. RAID 6 bado huvumilia kifo cha diski moja zaidi, na ndiyo maana kwa diski kubwa siikubali RAID 5 hata muuzaji aniimbie bei gani.

Tundu moja tu la diski likiwa wazi kwenye kabati, mambo hubadilika. ZFS, kwa mfano, ambao ni mfumo wa mafaili unaosimamia pia kundi la diski, hunakili data kwenye diski mpya huku ile ya zamani ikiwa bado imechomekwa, hivyo kinga haipungui. Nafasi ya ziada haitaonekana mpaka diski zote za kundi hilo zibadilishwe na autoexpand, yaani mpangilio wa kundi kujipanua lenyewe, iwe imewashwa. Wengi hushtuka hapa wakidhani kazi imeharibika.

Kwa sisi wa kusini, diski za akiba ziwe zimeshafika ofisini kabla ya kugusa chochote. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na diski iliyo kwenye basi lililokwama haiokoi kundi lililobakiwa na diski pungufu. Wiki moja kabla, hakikisha bakapu inarejeshwa kweli kwenye mashine nyingine, kisha endesha ukaguzi unaosoma data yote, ili diski iliyochoka ijulikane wakati kinga bado ni kamili. Ikijitokeza, ianze yenyewe kubadilishwa.