Kwenda Chapwani Kutafuta Manowari

Nilimkuta nahodha ufukweni Shangani, anachota maji ya ngamani kwa kopo la rangi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Changuu?"

Kila mtu anakwenda Changuu kutazama makobe. Nilipomwambia nataka Chapwani, kisiwa cha jirani, tena makaburini, aliliacha kopo likaelea.

"Kwani una mtu wako kule?"

Swali la haki. Mimi mtu wa Wete, na wangu wote wamelala Pemba. Ila miaka mingi nyuma nilitembezwa Fort Jesus, Mombasa, nikaona mizinga miwili ya meli iliyowekwa kama makumbusho. Mmoja wa manowari ya Kiingereza, Pegasus. Mwingine wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyomzamisha huyo mwenziwe. Ilimzamisha wapi? Hapa, bandarini Unguja, mbele ya nyumba za watu. Nimeishi mjini karibu miaka kumi na sikuwahi kwenda kuwatazama waliokufa ndani yake. Basi siku hiyo sikuwa na kazi, na maji yalikuwa yanajaa.

Tulipatana bei baada ya kuvutana kidogo, tukaondoka. Hatukufika mbali. Mashine ilikohoa mara mbili ikazima, na sisi tuko mkabala na Beit al-Ajaib, ile jumba iliyoporomoka upande mmoja Desemba 2020. Nahodha akafungua kifuniko, akatoa plagi, akaipuliza, akaisugua kwenye kanzu yake. Mimi nikabaki kutazama mji kutoka majini, jambo ambalo mtu wa mjini hulifanya mara chache, maana tukiwa ndani ya feri wote tunatazama simu.

Na pale pale tulipokwama, au karibu na hapo, ndipo ilipokuwa imetia nanga Glasgow.

Kisa chake naona kinachekesha na kinatia huzuni kwa pamoja. Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikavunja karafuu na kikasomba meli za Sayyid Barghash. Mwaka uliofuata ikaja bandarini frigeti ya Kiingereza, HMS Glasgow, manowari ya mbao yenye matanga na mashine ya mvuke, iliyoshushwa majini mwaka 1861. Sayyid alipanda, akatembezwa, akapendezwa. Akaagiza yake ya mfano ule ule huko Scotland, kwa William Denny wa Dumbarton, na mwaka 1878 ikafika ikiitwa Glasgow vile vile. Meli ya mfalme wa Unguja yenye jina la mji wa Scotland! Lakini ilipofika, Sayyid hakuvutiwa nayo. Ikakaa imetia nanga mbele ya kasri miaka na miaka. Nina jamaa yangu alinunua gari hivyo hivyo, kwa kuliona kwa mwenziwe.

Siku yake ya vita ilikuja asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Khalid, mwana wa Sayyid Barghash, alikuwa ameshika kasri na kujitangaza sultani, na Waingereza hawamtaki. Walipanga manowari tano bandarini chini ya Admirali Rawson, na saa tatu na dakika mbili wakaanza kupiga. Glasgow, na mizinga yake midogo, iliijibu St George, manowari kubwa ya chuma. Hebu fikiria ujasiri huo, au wazimu huo. Ikatobolewa, ikaanza kuzama. Mabaharia wakapandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha wamesalimu amri, na walewale waliokuwa wakiwapiga wakashusha maboti kwenda kuwaokoa. Vita vyote vilikwisha kwa dakika kama 38. Meli ikakaa chini, milingoti yake imechomoza juu ya maji, na ikabaki hivyo mpaka mwaka 1912 ilipokatwakatwa. Miaka 16 watu wanaamka, wanafungua madirisha, wanaiona.

"Haya, imekubali," alisema nahodha, na mashine ikanguruma.

Dakika kama 20 baadaye tulikuwa Chapwani. Kisiwa chembamba, mchanga mweupe upande mmoja, na miti yenye popo wanaoning'inia mchana kutwa wakigombana kama wachuuzi wa Darajani. Makaburi yako msituni kidogo. Nahodha alivua kofia yake ya jua mlangoni. Sikumuuliza kwa nini.

Kaburi nililolitafuta kwanza ni la Kapteni Brownrigg, kwa sababu alifia kwetu. Alikuwa mkuu wa HMS London, manowari kongwe ya mbao iliyoshushwa majini mwaka 1840, iliyopigana vita vya Crimea, kisha uzeeni ikaletwa Unguja ikafanywa kama kambi inayoelea. Kutoka kwenye tumbo lake maboti yalitoka kwenda kuvizia majahazi ya watumwa, hadi Pemba. Desemba 1881 Brownrigg alilikaribia jahazi lenye bendera ya Kifaransa katika bahari ya Pemba. Ndani mlikuwa na watumwa, na wenye jahazi hawakungoja. Walimuua yeye na baadhi ya watu wake. Nilikua nikitazama bahari ile kila siku na sikuambiwa hata mara moja, si shuleni wala nyumbani.

Wa Pegasus wamelala hapa 24. Nilisoma majina, mengine nikiyapapasa kwa kidole. Manowari yao ilishushwa majini mwaka 1897, na ilipofika 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, ilikuwa imechoka. Agosti mwaka huo ilikuwemo katika safari ya kwenda kupiga mtambo wa simu za upepo wa Wajerumani Dar es Salaam. Septemba mashine zake zikahitaji matengenezo, ikaingia bandarini, moto ukazimwa. Manowari isiyo na mvuke haiwezi kukimbia. Habari zikamfikia Kapteni Looff wa Königsberg, aliyekuwa amejificha Rufiji.

Jumapili, tarehe 20 Septemba, alfajiri, Königsberg ikatokea kusini. Tundu za mizinga yao zilikuwa karibu sawa, inchi 4 kwa sentimita 10.5, lakini ya Mjerumani ilifika mbali zaidi. Kwa hiyo Pegasus ilipiga na makombora yake yakaanguka majini njiani, huku ya mwenziwe yakitua sitahani. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, kwenye wazo hilo la mtu anayepakia mzinga, anafyatua, anauona mruko wa maji katikati ya njia, anapakia tena. Walikufa zaidi ya 30. Meli ikazama baadaye siku ile ile. Mizinga iliopolewa, ikatiwa magurudumu na kupelekwa vitani bara. Na Königsberg yenyewe ilifungiwa katika mikoko ya Rufiji mpaka ikapigwa Julai 1915, wenyewe wakaizamisha, wakavua mizinga yao nao wakaiburuta nchi kavu. Ndiyo hiyo miwili niliyoiona Mombasa, maadui waliowekwa wakae pamoja.

Paa mdogo alipita baina ya makaburi, akanitazama, akaingia kichakani.

Wakati wa kurudi maji yalikuwa yamejaa sawasawa na upepo wa kusi umezidi, tukarowa. Tulipokaribia kasri nilimuuliza nahodha kama anaijua meli ya Sayyid Barghash.

"Naijua. Hapa hatutupi nanga, hunasa."

"Na wale waliokufa kasrini siku ile, mjomba? Wanasema waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500."

Alifikiri. Wengi walikuwa watumishi na watumwa waliowekwa kulinda jumba la mbao mbele ya mizinga ya chuma.

"Hao hawana kisiwa," alisema.

Kisha akapunguza mwendo, akaniambia nishike kamba, na boti ikagusa mchanga.