Risala ya Ukurasa Mmoja

Mwaka ule kikundi cha kinamama wakulima wa mwani huko Kiuyu, kaskazini ya Pemba, kilipewa nafasi ya kusoma risala mbele ya mgeni rasmi, Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi. Kabla ya hapo risala zote ziliandikwa na mwalimu mmoja wa skuli. Kiswahili chake kimenyooka, lakini pongezi zinakula nusu ya ukurasa, historia ya kilimo cha mwani tangu kilipoanza Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989 inakula nusu nyengine, na haja yenyewe inakuja mwisho, mgeni keshaanza kutazama saa. Tena haja kumi na mbili! Ukiomba kumi na mbili, unampa mtu ruhusa ya kuchagua ile nyepesi, nayo ni kupiga picha na nyinyi.

Safari hii Bi Mwenyekiti alikataa. “Nitakayeulizwa ni mimi, basi na maneno yawe yetu.”

Tulikaa wakati wa maji mafu, bahari isipotoka sana, maana bamvua, maji makubwa, halina mkutano: maji yakitoka asubuhi, kila mtu yuko kwenye kamba zake za mwani. Baraza lilikuwa kwa Mshika fedha, mwenye daftari. Bibi huyu hakwenda skuli, alisoma chuo cha Kurani tu, na hesabu zote ameziweka kwa hati za Kiarabu. Katibu, msichana wa kidato cha nne, alikuwa na daftari lake. Madaftari hayakukubaliana. Tulipoyalaza pamoja sababu ikaonekana: tano ya Kiarabu ni kiduara, Katibu kainukuu sifuri, na sifuri yao ni nukta, wino ukififia 50 inabaki 5. Kuanzia hapo Bibi alisoma kwa sauti, Katibu akaandika kwa tarakimu na kwa maneno, mtu wa tatu akairejea hesabu. Kilo zisizovunwa zikiingia kwenye risala, anayeaibika si karatasi, ni Mwenyekiti.

Kisha kila mmoja akaeleza hasara yake. Katibu alizuiwa kushika kalamu mpaka mtu amalize, kwani anayeona anaandikwa huanza kusema Kiswahili cha ofisini. Yalitoka mengi: bei, kamba, matawi yanayopauka na kukatika maji yakipata joto. Lililomgusa kila mtu lilikuwa kuanika. Kilo 7 na zaidi za mwani mbichi ndizo zinazotoa kilo 1 kavu, baada ya siku mbili tatu za jua kali. Ukianikwa mchangani unabeba mchanga. Ukinyeshewa, chumvi inatoka, rangi inapotea, mnunuzi anashusha bei au anaukataa kabisa. Na masika yalikuwa mlangoni. Basi haja ikawa moja: mbao na turubai za chanja za kuanikia, kwa idadi na vipimo, kazi ya kuzijenga tunafanya wenyewe.

Risala iliandikwa kwa herufi kubwa, mstari mmoja kuandikwa na mmoja kurukwa, kiasi cha dakika tatu kwa msomaji asiye na haraka. Kila sentensi iliyomkata pumzi Mwenyekiti tuliivunja mbili. Mazoezi ndiyo yaliyokuwa na faida kuliko yote, na ndiyo yaliyoleta zogo. Wenzake walijifanya wageni, mmoja akauliza, “Na turubai za mwanzo mmezipeleka wapi?” Watu wawili wakanuniana hadi magharibi. Lakini jibu lilipatikana: zimechanika kwa jua, vipande vipo kwa fulani. Likaandikwa nyuma ya karatasi, na karatasi ikagandishwa kwenye kipande cha boksi isipeperuke.

Siku yenyewe mgeni aliuliza kilo za msimu uliopita. Mwenyekiti alijibu bila kuinamisha macho, na Mshika fedha, pale mkekani, akaongeza za msimu wa kabla yake, hali hakuna aliyemuuliza.

Nakala zilikuwa mbili. Moja alipewa mgeni. Ya pili Katibu alimfuata nayo msaidizi wa mgeni mpaka kwenye gari, msaidizi akatia saini na tarehe. Risala isiyopokelewa kwa saini haidaiwi. Majibu yalipochelewa, barua ya kukumbusha ilitaja tarehe ile na jina la aliyetia saini. Turubai zilifika masika yameshaanza. Mbao hazikuja, ikaandikwa barua nyengine, zamu hiyo kalamu akashika yule aliyeuliza swali la turubai.