Usiku Walipoijia Land Rover ya Baba Mdogo

Mwezi wa tatu mwaka 2011, mtu mwenye gari la kupanda milima mkoani Arusha aligeuka tajiri wa ghafla. Ndicho kipindi cha Babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, na kikombe chake cha dawa kule Samunge kwa shilingi 500. Kikombe hakikuwa shida, shida ilikuwa kufika. Njia ya Mto wa Mbu, Engaruka hadi Ngaresero, halafu unapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Sonjo, haikuwa ya magari yaliyozoea lami. Basi kila chuma chenye difu ya mbele kilichokuwa kimelala nyuma ya nyumba ya mtu kikaoshwa, kikajazwa upepo, kikaingia barabarani.

Baba mdogo alikuwa na Land Rover 109, Series III, pikapu ya dizeli yenye mabenchi mawili nyuma na turubai juu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yameshatoka na sina hamu ya kuyaongelea, nikawa utingo wake. Abiria walikuwa wanatufuata hadi nyumbani. Nakumbuka mzee mmoja aliyelala barazani kwetu ili asiachwe alfajiri.

Gari likipata thamani, wezi nao hupata habari. Mitaa ya Unga Limited, kwenye magereji, kulikuwa na minong'ono kila asubuhi: fulani kaamka hana betri, fulani kafunguliwa tairi la spea. Baba mdogo alikuwa na sababu ya kuogopa, kwa kuwa 109 kwa mwizi ni gari jepesi mno. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na waliozitengeneza walimfikiria mkulima aliyekwama shambani, mwizi hawakumfikiria. Kila kitu kinafunguka kwa spana ya kawaida, tena kwa nje. Bawaba za milango ziko nje. Nusu ya juu ya mlango, ile yenye kioo, imeshikwa na nati mbili tu. Ukizifungua unainyanyua na kuiweka chini. Kioo chenyewe ni cha kusukuma pembeni, na kikishachoka unakisukuma kwa kiganja ukiwa nje. Boneti inafunguliwa kwa nje pia, na ukiisimamisha wima unaweza kuitelezesha kutoka kwenye bawaba zake ukaondoka nayo kichwani, na kama tairi la spea limefungwa juu yake umepata viwili kwa mpigo. Mfuniko wa tangi la mafuta hauna hata pa kuchomeka ufunguo.

Kuhusu swichi ya kuwashia, yetu ilikuwa imelika kiasi kwamba baba mdogo alikuwa anaiwasha kwa ufunguo wa kabati la mama mdogo ule wenyewe ukipotea. Ufunguo wenye kompyuta ndani yake, injini isikubali kuwaka bila huo, ulikuja baadaye sana. Ulaya ililazimisha kila gari dogo jipya liwe na kinga ya namna hiyo kuanzia Oktoba 1998. Sisi tulikuwa na pampu ya dizeli isiyojua habari hizo. Injini ile ikishawaka haihitaji umeme kabisa; ukitaka kuizima unavuta kirungu cha stopu kwenye dashibodi, waya unaenda kufunga mafuta, basi.

Kwanza baba mdogo alinunua mnyororo na kufuli, akawa anafunga usukani na pedeli ya klachi pamoja. Mnyororo ukaibwa. Gari wakaliacha.

Ndipo akaenda kwa fundi umeme wake, mtu mpole ambaye amelala chini ya ile gari miaka na miaka. Wakahamishia betri chini ya kiti cha abiria, wakaifungia swichi ya kukata umeme, zile zenye ufunguo wa plastiki mwekundu zinazofungwa kwenye malori. Unageuza, unachomoa, gari zima linakufa. Uzuri wake ni kwamba mwizi hajui iko wapi. Ubaya wake ni kwamba ule ufunguo mwekundu unauzwa madukani kote, na mmoja unaingia kwenye swichi zote za aina ile. Siri yetu ilikuwa mahali pale tu, chini ya kiti, chini ya kipande cha zulia. Baba mdogo aliridhika. Akaniambia, "Sasa wanajua watu watatu: mimi, wewe na fundi."

Hakumhesabu kijana wa fundi aliyekuwa anashika taa.

Safari ninayoikumbuka tulilala Mto wa Mbu. Nyumba ya kulala wageni ilikuwa na uwanja mkubwa nyuma wenye migomba, na usiku ule ulijaa magari hadi mwisho: Land Cruiser za kila umri, Nissan Patrol, Land Rover kadhaa, na Prado moja jipya lililopaki jirani yetu. Prado lile lilikuwa na alamu. Mbwa akipita, linalia. Embe likidondoka, linalia. Mwenyewe alitoka mara ya kwanza amevaa suruali, mara ya pili taulo, baada ya hapo hakutoka tena, na sisi wengine tukavuta mashuka hadi kichwani tukamlaani.

Abiria wetu walilala barazani. Baba mdogo alipata chumba. Mimi nililala kwenye benchi, nyuma ya gari, chini ya turubai, nimejifunika koti lake la mvua na gunia kwa sababu ya mbu wa pale, ambao hawana mfano. Mtu akichungulia angeona mzigo.

Geti liliachwa wazi. Madereva wengi walikuwa wanaondoka kuanzia saa tisa usiku ili wawahi foleni ya Samunge, na mlinzi alichoka kufungua na kufunga. Gari kuondoka saa hizo halikumshtua mtu.

Niliamka kwa kusikia kiti cha mbele kikinyanyuliwa. Kile kiti kilikuwa na mlio wake, bati likikwaruza bati. Nikajua baba mdogo kaamka, tunaondoka, nikafumba macho kuiba dakika zangu za mwisho. Nikasikia swichi ikigeuzwa kupasha hita ya injini, tena kwa utulivu, si kwa papara. Stata ikazunguka. Ikawaka.

Kilichoniamsha kweli ni alichofanya baadaye. Baba mdogo aliamini kwamba injini ya dizeli ikiwashwa baridi inaachwa iongee peke yake mpaka dereva amalize kuvuta sigara. Hakuwahi kuigusa kabla ya hapo. Huyu aliingiza gia papo hapo. Nikasikia injini ikipanda, klachi ikiachiwa, na gari likabaki palepale. Likaingia gia nyingine, mafuta yakakanyagwa, injini ikanguruma, gari halina habari. Akajaribu ya kurudi nyuma, ikalia kwa uchungu. Hendibreki ikashushwa kwa kishindo. Tena gia ya kwanza.

Hapa inabidi nieleze. Pembeni ya gia kubwa, 109 ina vifimbo viwili vifupi. Kimoja kina kirungu cha njano, unakibonyeza kuingiza difu ya mbele. Kingine kina kirungu chekundu, hicho ni cha gia nzito na gia nyepesi, na katikati ya hizo mbili pana mahali ambapo gia boksi inazunguka bure, nguvu haifiki kwenye magurudumu. Baba mdogo aliendesha magari ya misheni enzi za ujana wake, na huko alijifunza tabia ambayo hakuwahi kuitaja kama ulinzi: kila akilaza gari anakivuta kile kifimbo chekundu hadi katikati, anafungua kirungu chake kama mfuniko wa chupa, anakitia mfukoni. Kinabaki kifimbo kitupu, kimejificha gizani. Mtu anayepapasa anakutana na gia kubwa na kile cha njano. Mwizi wetu alikibonyeza cha njano, nilisikia ule mlio wake wa "tak", halafu akakanyaga mafuta kwa matumaini mapya.

Nikainua turubai la dirisha la nyuma ya kiti nikasema, "Baba mdogo?"

Sijui nani aliogopa zaidi. Yule mtu alipiga ukelele mfupi, mlango ukafunguka, nikasikia miguu kwenye migomba. Mimi ndipo nikapiga ukelele wangu, mrefu. Prado nalo likaanza kulia.

Watu walitoka. Kwa dakika kadhaa hapakuwa na la maana, tochi zinapishana, kila mtu anakimbilia gari lake. Injini yetu ilikuwa bado inanguruma pale, haina mtu. Baba mdogo alikuja amejifunga shuka, hakuuliza kitu, akapitisha mkono dirishani akavuta stopu. Kukawa kimya, isipokuwa Prado.

Kundi lilikuwa limeshamkamata kijana mmoja, utingo wa gari la Moshi, kosa lake ni kwamba alikuwa macho na alikuwa amevaa viatu. Walishaanza kumvuta fulana. Ni baba mdogo aliyeingia katikati na shuka lake. "Hebu mikono," akasema. Akaishika, akaigeuza kwenye mwanga wa tochi, akainusa. "Aliyeingia kwangu kashika betri yangu, ina grisi mpya. Huyu ananukia samaki. Mwacheni." Wakamwacha shingo upande. Grisi ile niliipaka mwenyewe siku moja kabla, najua ilikuwepo. Kama ingemtosha kumtambua mtu kwa harufu, hilo sina hakika nalo hadi leo.

Kulipopambazuka tukakagua. Kioo cha upande wa abiria kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho, hakijavunjwa. Kwenye swichi ya kuwashia kulikuwa na bisibisi bapa, imekaa vizuri utafikiri iliumbwa kwa ajili yake. Zulia la chini ya kiti limekunjwa kwa adabu, halikufumuliwa. Hapakuwa na waya uliokatwa wala mahali palipopapaswa. Na kwenye swichi ya kukata umeme kulikuwa na ufunguo mwekundu wa plastiki, wakati wetu ulikuwa kwenye mfuko wa suruali ya baba mdogo, chumbani.

Aliuchomoa akauangalia muda mrefu. "Hakutafuta," akaniambia kwa sauti ya chini. "Alikwenda moja kwa moja."

Mwenye Prado naye alikuta hana vioo vya pembeni, vyote viwili. Hakuna aliyeweza kusema vimetolewa saa ngapi. Alamu ililia usiku kucha.

Tuliendelea na safari, tukakaa kwenye foleni, abiria wakanywa kikombe, tukarudi Arusha. Njiani nilikuwa nimeshamhukumu fundi na nilisubiri kwa hamu nione baba mdogo atakavyomvaa. Hakumvaa. Alikwenda pale gereji, akaagiza chai kwa mama anayeuza pale nje, wakakaa kwenye kiti cha basi kilichong'olewa. Baada ya maneno ya hali ya hewa na bei ya dizeli, akauweka ule ufunguo mwekundu kwenye benchi kati yao.

"Huu umebaki kwangu," akasema. "Sijui ni wa nani."

Fundi aliutazama bila kuugusa. "Mzee, hizi zimejaa madukani."

"Najua."

Fundi akanyamaza. Halafu akageuka akamtazama kijana wake aliyekuwa anasafisha nozeli upande wa pili, akamtazama kidogo kupita kiasi. Yule kijana hakuinua kichwa. Wiki iliyofuata hakuwepo pale, tukaambiwa kaenda kwao. Huenda alienda kwao kweli. Kusema siri ya gari la mteja kwa rafiki mkiwa kwenye kahawa si lazima iwe njama, na sikuwahi kupata ushahidi wa zaidi ya hapo.

Nilimuuliza baba mdogo kama sasa tunatafuta fundi mwingine. Akanishangaa. Gari la umri ule limeshafumuliwa waya mara nyingi, hakuna mchoro wa kiwandani unaofanana nalo tena. Waya wa taa ni wa bluu mpaka katikati, kisha unakuwa wa redio. Fundi mpya angehitaji mwezi mzima kuijua, na akishaijua, huyo ni mtu wa nne. "Huyu anajua tayari," alisema. "Na anajua kwamba najua."

Kwa hiyo tulirudi kwake mwezi wa tano, dinamo imegoma kuchaji. Baba mdogo aliliingiza gari hadi ndani ya banda, akalizima, akamkabidhi fundi funguo zote, wa kuwashia na ule mwekundu. Halafu akainama, akakivuta kifimbo hadi katikati, akakizungusha kirungu chekundu, akakitumbukiza mfukoni. Fundi alikuwa amesimama mlangoni anaona kila kitu.

"Sasa mzee," akasema huku anacheka, "nikimaliza nitalitoaje humu ndani?"

"Utanipigia."