Shokapu ya nyuma iliponifikisha kwa fundi AC

Miezi minne pikipiki yangu ilinitesa barabara ya Lushoto kwenda Mtae. Mwanzoni nyuma imetulia. Baada ya nusu saa ya mawe na makorongo inaanza kudunda, na kwenye kona tairi linaruka pembeni. Shokapu haivuji, springi nzima. Mafundi watatu wakasema kaza springi. Nilikaza, mgongo ukauma zaidi, kudunda kukabaki palepale.

Kumbe ni gesi. Shokapu za aina hii zina kikopo pembeni, na ndani yake kibofu cha mpira kinachotenga mafuta na nitrojeni. Pistoni ikienda kasi, presha nyuma yake hushuka na mafuta hufanya vipovu. Vipovu vikipita kwenye matundu ya pistoni hakuna tena cha kuizuia, springi inabaki peke yake. Gesi ndiyo inayoyabana mafuta yasifike huko. Kitabu cha pikipiki yangu kinataka presha ya bari 10, karibu psi 145. Yangu ilikuwa imeisha kabisa.

Fundi mmoja akaniambia, “Kaka, jaza upepo tu, si hewa ileile?” Kweli asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni. Lakini kompresa yake iligota kwenye psi 110, na alipofungua koki ya chini ya tangi yalimwagika maji. Unyevu huo huo ndio ulioingia kwenye shokapu yangu. Wiki mbili tu, kudunda kukarudi.

Mwingine akataka tutumie oksijeni ya kuchomelea. Hapo nilikasirika na bado nina hasira. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka! Fundi akikwambia hivyo, ondoa pikipiki yako hapo.

Jibu nililipata nilipomwona fundi AC akipima mabomba ofisini kwetu. Hawa jamaa hutumia nitrojeni kavu kutafuta mivujo kabla ya kujaza gesi, na wana mtungi na regulata inayoshusha presha. Nilimfuata akiwa bado juu ya ngazi. Akakubali kwa elfu kumi na tano hivi, na soda.

Mpira wake haukuingia kwenye valvu, nyuzi tofauti. Nikaenda mtaa wa Gerezani, Dar, kwa mzee anayekereza vyuma, akanitengenezea kiunganishi cha shaba siku hiyohiyo. Tukajaza hadi bari 10, tukafungua mpira: psssss! Kikopo chenyewe kidogo kama glasi ya chai, kile kidogo kilichotoka kilikuwa sehemu kubwa ya gesi yote. Tukarudia mara tatu, matokeo yaleyale.

Usiku nikakumbuka pampu ya shokapu za baiskeli. Kuna vichwa vyenye pini unayoirudisha nyuma kwa kuzungusha, valvu ikajifunga kwanza, ndipo unafungua kichwa. Mlio unaousikia ni wa gesi iliyobaki kwenye mpira, si ya shokapu. Nilinunua kichwa hicho, tukakifunga mbele ya kiunganishi cha mzee, na bari 10 zikabaki bari 10. Wala usirudi kupima na geji kila wiki, kwa sababu kila ukipima geji inaiba gesi.

Nilirudi Mtae. Kwenda na kurudi, nyuma imeshika njia kama siku ya kwanza.

Basi watu wakaniuliza mbona matairi sijaweka nitrojeni. Niliwahi kulipia kwenye gari, nikaambiwa haitanuki kwa joto. Nikajaza nitrojeni kushoto, upepo wa kawaida kulia, wote psi 33 alfajiri Dar. Morogoro mchana geji ilisoma 37 pande zote. Nitrojeni hupungua polepole zaidi, hilo ni kweli: Consumer Reports, jarida la Marekani la kupima bidhaa, walipima mwaka mzima kuanzia psi 30, matairi ya hewa yakapoteza wastani wa 3.5, ya nitrojeni 2.2. Tofauti hiyo naimaliza kwa fundi pancha kila mwezi, kwa mia tano.